Faili lipi halipo?

Simu iliingia saa tatu asubuhi, kutoka kwenye ghala moja la ushirika huko Kibaigwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kompyuta imegoma kutoa stakabadhi. Imeandika Kizungu, na watu wameshapanga foleni mpaka kwenye mizani."

Nikamwomba anisomee. Akasoma taratibu, akitaja herufi mojamoja pale alipokwama: "No such file or directory", yaani hakuna faili wala folda kama hiyo. Kisha, ndani ya mabano, "os error 2".

"Faili lipi, mama?"

"Haijasema."

Nilikuwa nyumbani Nkuhungu, Dodoma mjini, msimbo wa programu yenyewe uko wazi mbele yangu, na sikuwa na cha kumjibu. Karani huyu ana miaka mingi kwenye kazi ya mazao. Akiingiza mkono kwenye gunia la mahindi anakwambia kama limekauka au bado. Alisoma kila kilichoandikwa kwenye skrini, hata mabano hakuyaruka. Sehemu yake aliifanya yote. Ujumbe ndio haukufanya sehemu yake.

Jibu lile la "Haijasema" limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa.

## Kubahatisha kwa simu

Programu ile inagusa mafaili mengi kabla ya kutoa karatasi moja. Inasoma mipangilio. Inasoma bei ya siku. Inasoma orodha ya wanachama. Inasoma uzito kutoka kwenye flashi ya mizani. Halafu inaunda faili jipya la stakabadhi ndani ya folda ya mwezi, ndipo printa ianze kazi.

Lolote kati ya hayo likikwama, maneno ni yale yale.

Basi tukaanza kubahatisha. Mama, flashi imechomekwa? Imechomekwa. Taa yake inawaka? Inawaka. Hebu fungua folda ya bei, kuna kitu ndani? Kipo. Nyuma yake nasikia mtu akiuliza kama leo kuna kupima au hakuna, na lori linapiga honi. Mwisho akaniambia kwa upole kwamba anachukua kitabu cha karboni aandike kwa mkono, wakulima wasikae juani.

Nikapanda basi.

Nilipofika niliiendesha programu chini ya strace, ile zana ya Linux inayoonyesha kila ombi ambalo programu inalipeleka kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta. Mistari ikamwagika. Karibu na mwisho ulikuwapo mmoja unaoanza na `openat`, ombi la kufungua faili, ukifuatiwa na njia nzima ya faili kuanzia kwenye mzizi hadi namba ya stakabadhi, kisha -1 na `ENOENT`, jina la kerneli la ile hitilafu nambari 2.

Kila kitu kilikuwa pale. Folda, mwezi, namba ya stakabadhi.

Kumbe kijana mmoja aliyekuja kusaidia kupanga mambo kwenye kompyuta aliihamisha folda ya stakabadhi, ili skrini isijae. Programu haikuwa inatafuta faili lililopotea. Ilikuwa inaunda faili jipya, na folda ya kuliwekea haikuwepo.

Unaunda kitu ambacho bado hakipo, halafu unaambiwa hakipo.

## Nambari moja, mambo matatu

Kwenye Linux, unapoomba kufungua faili ukarudishiwa nambari 2, kuna mambo yasiyopungua matatu yanayoweza kuwa yametokea. Huenda faili la mwisho kwenye njia halipo. Huenda folda mojawapo katikati ya njia ndiyo haipo, na kerneli haikufika hata mlangoni pa faili. Au huenda kuna kiungo kinachoelekeza mahali ambapo hapapo tena. Mwongozo wa `open` unayataja yote haya chini ya jina moja, `ENOENT`.

Kuna na la nne linalowasumbua sana wanaoanza, ingawa hilo linatokea wakati wa kuendesha skripti wala si wakati wa kufungua faili. Skripti ipo mbele ya macho yako, ukiandika `ls`, amri ya kuorodhesha mafaili, unaiona, lakini mstari wake wa kwanza unataja mfasiri, yaani programu ya kuisoma na kuiendesha, asiyekuwepo kwenye mashine. Nambari inayorudi ni 2 vilevile. Hutokea hasa faili likiwa limeandikwa kwenye Windows, likabeba alama isiyoonekana mwishoni mwa mstari. Mtu anakodolea macho faili lililopo, na kompyuta inasisitiza kwamba halipo.

Windows, kwa haki yake, hapa iko mbele hatua moja. Nambari 2 kule ni faili halikuonekana, na nambari 3 ni njia yenyewe haikuonekana. Tofauti hiyo ndogo ingenipunguzia nusu ya maswali niliyomuuliza mama yule.

## Aliyeuliza ndiye anayejua

Hasira yangu ya kwanza ilielekea kwenye kerneli. Kwa nini mfumo mkubwa kiasi hiki unajibu kwa nambari tupu?

Nilipokaa na jambo hili, hasira ikapungua. Utaratibu huo ulitoka kwa Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Unix, mfumo ambao Linux imeufuata, ilipokuwa inaishi kwenye mashine za PDP-11. Programu kwenye mashine hizo iliweza kufikia kumbukumbu ya kilobaiti 64 kwa wakati mmoja. Kila herufi ilikuwa na thamani. Kerneli kurudisha nambari ndogo lilikuwa jambo la busara, na bado ni la busara leo.

Kwa sababu kerneli haina haja ya kukutajia jina la faili. Jina umeipa wewe.

Ukimtuma mtoto dukani, mwenye duka akamwambia "hakuna", neno hilo linamtosha mtoto, maana anajua aliulizia nini na kwenye duka lipi. Tatizo linaanza mtoto akifika nyumbani na "hakuna" peke yake, na wewe uliyemtuma ulikuwa umemwagiza vitu vitano.

Wazee wa Unix walilijua hili. Andika `cat bei.csv` kwenye folda isiyo na faili hilo, utajibiwa: `cat: bei.csv: No such file or directory`. Jina la programu, jina la faili, sababu. Ni mpangilio wa miongo mingi. Fanksheni ya C inayoitwa `perror` ilitengenezwa ikiwa na nafasi ya kuweka neno lako mbele ya ujumbe, na wengi walitumia nafasi hiyo kuweka jina la faili.

Kwa hiyo jina halikupotea kwenye kerneli. Lilipotea baadaye, mahali fulani kati ya programu na mtu, na mahali hapo pana lugha tunazoandikia.

## Lugha inabeba nini

Programu ya ghala imeandikwa kwa Rust. Naipenda lugha hii na sijutii kuitumia. Imeniepusha na aina nyingi za hitilafu ambazo zingenipigisha safari za Kibaigwa kila mara. Lakini ukifungua faili kwa `File::open` na likakosekana, hitilafu inayorudi kutoka kwenye maktaba ya msingi, ile inayokuja na lugha yenyewe, haina jina la faili ndani yake. Ina nambari ya mfumo, na maneno yanayotokana na nambari hiyo. Basi.

Halafu kuna alama ya kuuliza. Tangu Rust 1.13, mwishoni mwa 2016, ukiweka `?` mwisho wa mstari, hitilafu inapanda ngazi yenyewe kwenda kwenye sehemu ya programu iliyoomba kazi hiyo. Ni alama nzuri, inafanya msimbo usomeke. Lakini inapandisha kile kilichomo tu, na kilichomo hakina jina. Faili la bei likikosekana, la mizani likikosekana, folda ya stakabadhi ikikosekana, vyote vinapanda ngazi hiyohiyo na vinafika juu vikiwa na sura moja.

Lugha ya Go ilichagua tofauti tangu toleo lake la kwanza la 2012. Hitilafu ya faili kule ni aina yenye sehemu tatu: kitendo, njia, na sababu. Inasomeka `open bei.csv: no such file or directory`. Hakuna aliyelazimika kukumbuka. Mwanafunzi aliyeanza jana anaipata sawasawa na mzoefu.

Python nayo inabeba jina, na tangu toleo la 3.3, mwaka huohuo wa 2012, iligawa hitilafu za mfumo kwa majina yanayoeleweka: `FileNotFoundError` peke yake, `PermissionError` peke yake. Java ya zamani ilikuwa na kasoro ya aina yake. `FileNotFoundException` inaweza kukujia hata pale faili lipo ila huna ruhusa ya kulifungua, hivyo jina la hitilafu linasema moja na maneno ya ndani yanasema lingine. Maktaba mpya ya mafaili iliyokuja na Java 7, mwaka 2011, ndiyo iliyotenganisha.

Nilijiuliza kwa muda mrefu: watu makini kiasi kile, walioitengeneza Rust kwa uangalifu wote ule, walikosa nini kwenye hili?

## Hoja inayostahili heshima

Hawakukosa. Waliamua.

Hitilafu ya `io::Error`, ndiyo hiyo ya mafaili kwenye Rust, kwenye mashine ya biti 64 ina ukubwa wa baiti nane tu. Inapobeba nambari ya mfumo, haitengi kumbukumbu hata kidogo. Ukitaka ibebe njia ya faili, lazima unakili njia hiyo mahali fulani, na kunakili kuna gharama kila hitilafu inapotokea.

Mtu wa haraka atasema: gharama gani hiyo, hitilafu si hutokea mara moja moja? Mimi nilisema hivyohivyo, hadi nilipofikiria kikusanyaji (compiler) cha lugha ya C, kinachogeuza msimbo kuwa programu. Msimbo unapotaja faili la vichwa (header), kikusanyaji kinalitafuta folda baada ya folda, na kila folda lisipokuwepo, jibu ni nambari 2. Hapo "hakuna" si ajali. Ni sehemu ya kazi. Hata ukiandika amri kwenye terminali, sheli, programu inayopokea amri zako, inapita kwenye folda za `PATH`, orodha ya mahali pa kutafuta amri, ikiuliza na kujibiwa hapana mpaka ifike. Programu za namna hiyo zinapokea maelfu ya hitilafu ambazo hakuna binadamu atakayezisoma. Kuzibebesha zote majina ni kuzitoza kwa kitu zisichokihitaji, na Rust imejengwa juu ya ahadi ya kutomtoza mtu kwa asichotumia.

Hoja hii ilinisimamisha kwa siku kadhaa. Sikuwa na jibu.

Nilichokuja kukiona ni kwamba kuna hitilafu za aina mbili zinazovaa nguo moja. Kuna "hakuna" inayosomwa na programu ili iendelee na njia nyingine, na kuna "hakuna" inayosafiri mpaka kwa mtu. Ya kwanza inataka wepesi. Ya pili inataka maelezo. Lugha imezipa aina moja, ikachagua kuihudumia ya kwanza.

Na swali likawa: nani aweke juhudi ya ziada? Sasa hivi ni yule anayeandika kwa ajili ya watu. Yeye ndiye anayetakiwa kukumbuka, kila mstari, kuongeza jina kwa mkono, au kuleta maktaba ya nje kama `fs-err` inayofunika fanksheni zote za mafaili na kuongeza njia. Anayeandika kikusanyaji hatakiwi kukumbuka chochote. Mimi naona ingekuwa kinyume. Mwandishi wa kikusanyaji ni mtaalamu, anapima kasi ya kazi yake, atajua pa kuomba hitilafu nyepesi. Anayeandika programu yake ya kwanza ya ghala hatajua kwamba kuna kitu cha kuomba.

Msimamo wa awali wa lugha ndio utakaofika Kibaigwa.

## "Lipo, naliona"

Nikaleta `fs-err`, nikaipitisha kwenye programu nzima, nikaweka toleo jipya ghalani. Nilidhani jambo limekwisha.

Likaja tatizo jingine, na hili ndilo lililonifundisha zaidi.

Umeme ulikatika mchana, ukarudi. Mama akawasha kompyuta, akachomeka flashi, akaanza kazi. Safari hii ujumbe ulikuwa na jina: faili la leo, ndani ya folda ya flashi, `/media/ghala/MIZANI/leo.csv`, halipo.

"Mwanangu, mbona lipo. Naliona hapa."

Akanipigia picha ya skrini kwa simu yake. Kweli, dirisha limefunguka, limeandikwa MIZANI, na ndani yake limo `leo.csv`.

Umeme ulipokatika ghafla, folda tupu iliyoitwa MIZANI ilibaki nyuma kwenye diski. Flashi iliporudishwa, Linux ikakuta jina limeshikwa, ikaipachika kama `MIZANI1`. Dirisha linaonyesha jina la flashi yenyewe, si jina la folda ilipopachikwa. Kwa hiyo mama alikuwa sahihi, na programu ilikuwa sahihi, na walikuwa wanaangalia mahali pawili tofauti.

Jina peke yake lilikuwa limemfanya abishane na mashine. Hiyo si nafuu kubwa.

Niliona kwamba nilikuwa naomba kidogo mno. Nilidai ujumbe utaje faili. Mtu aliyesimama mbele ya skrini anahitaji kujua kitu kingine: tulikuwa tunafanya nini, tulianzia wapi, tulifika wapi kabla ya kukwama, na pale tulipokwama kuna nini.

## Pale njia ilipokatikia

Sasa programu ikipata nambari 2, kabla ya kuandika ujumbe inarudi nyuma kwenye njia, hatua kwa hatua, mpaka ikute folda iliyopo. Hapo inasimama na kusema. Kwa tukio la flashi, ujumbe ungesomeka hivi:

> Nimeshindwa kusoma uzito wa leo. Faili: "/media/ghala/MIZANI/leo.csv". Folda "/media/ghala/MIZANI" ipo, lakini haina kitu ndani. Jirani yake kuna "MIZANI1". Nambari ya mfumo: 2.

Na kwa ile stakabadhi ya siku ya kwanza:

> Nimeshindwa kuunda stakabadhi mpya. Folda ya mwezi haipo. Njia inaishia kwenye "/home/ghala", ndani yake hamna folda "stakabadhi". Nambari ya mfumo: 2.

Ujumbe wa mfumo wenyewe wa Kiingereza nimeuacha mstari wa chini, kwa herufi ndogo, kwa sababu ndio mtu atakaouandika kwenye injini ya kutafuta.

Niliogopa mambo mawili. La kwanza ni gharama, ila huku kurudi nyuma hakutokei hitilafu inapozaliwa. Kunatokea inapoandikwa kwa ajili ya mtu, na mtu akishaanza kusoma, muda wa sehemu ndogo ya sekunde hauna uzito. La pili ni zito zaidi. Kati ya hitilafu kutokea na programu kurudi kuchungulia, hali inaweza kuwa imebadilika: flashi imechomolewa, folda imerudishwa. Ujumbe unaweza kusema folda ipo wakati sekunde moja nyuma haikuwepo. Kwa hiyo sababu iliyotoka kwa kerneli naiandika kama ilivyo, na nilichokiona baadaye nakitenga kama nilichokiona baadaye. Programu isifanye uamuzi wowote kwa kutegemea uchunguzi huo. Ni wa macho ya binadamu tu.

## Jumamosi, Area C

Nina kikundi cha vijana ninaokutana nao Jumamosi, wengi wanaanza na Python. Niliwaonyesha haya yote nikidhani wao wako salama, kwa kuwa lugha yao inataja jina. Wakanionyesha yao.

Mmoja alikuwa na faili `matokeo.csv` kwenye folda ileile ya skripti, na Python inakana. Ujumbe ulitaja `matokeo.csv`, kama alivyoandika yeye. Lakini kihariri chake kilikuwa kimefungua folda ya juu, na programu ilikuwa inaendeshwa kutokea huko. Jina lililotajwa lilikuwa nusu ya anwani. Nusu nyingine, yaani folda tuliyosimama, haikutajwa popote. Ni yaleyale yanayowapata wanaopanga kazi kwenye cron, zana ya kuendesha kazi kwa ratiba, ambayo huanzia kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, si pale skripti ilipo. Tangu siku hiyo naandika njia kamili siku zote, hata kama msimbo umetumia jina fupi.

Mwingine alikuwa na Windows inayoficha viambishi vya mwisho vya majina. Yeye anaona `matokeo.csv`, kwenye diski ni `matokeo.csv.txt`. Hapo ndipo kutaja majirani kunasaidia kuliko maelezo yoyote. Ukimwambia mtu "halipo, ila kuna hili linalofanana nalo", anacheka na kurekebisha mwenyewe.

Wa tatu alikuwa na nafasi mwishoni mwa jina, iliyoingia wakati wa kunakili kutoka kwenye ujumbe wa simu. Python iliikamata, kwa sababu inafunga jina ndani ya alama za nukuu, na pengo likaonekana kabla ya alama ya kufunga. Go haifanyi hivyo. Alama mbili ndogo za nukuu! Nimezirudisha kila mahali kwenye programu zangu.

Binti mmoja akaniuliza kuhusu nambari 28, inayosema nafasi imekwisha kwenye diski, wakati diski yake ina nafasi tele. Zana yake ilikuwa inafuatilia mabadiliko ya mafaili mengi, na Linux ina kikomo cha idadi ya mafaili ya kufuatiliwa. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa 8,192. Ukikifikia, kerneli inarudisha nambari ileile ya diski kujaa. Hapo hata ukitaja njia na majirani wote hujamsaidia mtu. Inabidi aliyeandika zana ajue kwamba nambari hii, kwenye kitendo hiki, ina maana tofauti. Ndiyo maana nasisitiza kitendo kitajwe.

## Majina ya watu ndani ya njia

Kuna shaka moja ambayo sijaimaliza. Ushirika ule unapanga folda kwa majina ya wakulima, na nyingine kwa mikopo yao. Ujumbe unaotaja njia kamili unataja mtu. Kwenye skrini ya karani hakuna tatizo, yeye ndiye mwenye daftari. Lakini programu pia inanitumia logi, yaani rekodi za yaliyotokea, mimi huku mjini, na logi hizo zinapita kwenye seva ya kukodi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata kama isingekuwepo, jina la mtu na deni lake si mambo ya kuzurura kwenye seva. Wapo wanaotumia hoja hii kusema afadhali hitilafu isitaje njia kabisa. Sikubaliani nao. Kumnyima karani jina la faili lililo mezani kwake hakumlindi mkulima yeyote. Nimegawa: skrini inapata njia nzima, logi inayotoka inabeba kitendo, nambari, na njia ambayo sehemu za majina zimefunikwa. Aina inayobeba njia kama sehemu yake peke yake, jinsi Go inavyofanya, inarahisisha hili sana. Ukiwa na sentensi moja tu iliyounganishwa, huna pa kukata.

Hiyo ndiyo sababu nyingine ninayotaka maktaba ya msingi ya lugha iwe na aina hiyo. Ikiwepo pale, maktaba zote zinazojengwa juu yake zitakubaliana juu ya mahali njia inapokaa. Ikibaki kwenye maktaba za nje, kila mmoja ataiweka anapojua yeye.

## Kilichobaki mezani

Kubadilisha jina la faili kunahusu njia mbili, ya zamani na mpya, na nambari 2 haisemi ni upande upi uliokwama. Go inazibeba zote mbili kwenye aina yake ya pekee. Nami nafanya hivyo, kisha nachungulia pande zote mbili. Ukihamisha kutoka kwenye flashi kwenda kwenye diski unakutana na nambari 18, inayokataa kuvuka kati ya vifaa viwili, na hiyo nimeipa maneno yake.

Kigumu zaidi ni faili likishafunguliwa. Kwenye Rust, faili lililo wazi halikumbuki jina lake. Mama akichomoa flashi katikati ya kusoma, inarudi nambari 5, hitilafu ya kusoma na kuandika, na hakuna njia ya kuiuliza hitilafu hiyo ilitokea kwenye faili gani. `fs-err` inalibeba jina pamoja na faili, lakini nikilipitisha faili hilo kwenye maktaba inayosoma CSV, hitilafu inafungwa ndani ya hitilafu nyingine, na kwenye ujumbe unaofika juu naliona jina mara mbili, au silioni kabisa, kutegemea nani ameifungua bahasha na kwa namna gani. Nimeanza kuandika kipande kidogo kinachopita kwenye mnyororo mzima wa hitilafu, kinachukua njia mara moja, na kuacha zilizojirudia. Kwenye mafaili ya bei kinafanya kazi. Kwenye mafaili ya mizani bado kinapoteza kitendo, na hapo ndipo nilipo wiki hii.